Jinsi ya kumaliza nyimbo kwenye studio ya chumbani: kutunga, kurekodi na kumiksi bila kukwama

Wadau habari zenu. Hii ni kwa ajili ya nyie mnaofanya studio ya chumbani hapa Moshi, iwe Pasua, Majengo, Njoro, Soweto au kule Kiboriloni, maana najua mpo wengi, laptopu na maiki moja na hedifoni siku hizi vinapatikana. Tatizo ninalolikuta kwa wengi wanaoniletea kazi zao nisikilize wala sio vifaa wala kipaji, tatizo ni kwamba nyimbo haziishi. Mtu ana folda imejaa projekti, kila moja ina korasi nusu na vesi haina mwisho lakini kiki (ile ngoma nzito ya chini) imeshawekewa kompresa tatu (za kusawazisha ukubwa wa sauti) na ikwalaiza mbili (za kupandisha na kushusha bezi, kati na juu). Na sababu naiona ni moja tu, anatunga, anarekodi na anamiksi (kuchanganya na kusawazisha sauti) kwa mpigo, kikao kimoja. Mstari wa pili haujapatikana yeye ameshahamia kwenye kutafuta sauti ya sneya (ile ngoma kali ya biti), saa nzima imekatika, akirudi kwenye wimbo ile melodi iliyokuwa inakuja haipo tena na masikio yameshachoka.

Kwahiyo kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hicho kitu kimoja, tenganisha hizi kazi tatu. Kila moja ipewe siku yake, au kama huna siku basi angalau ipewe muda wake na ukiwa kwenye moja usiiguse nyingine.

HATUA YA 1: Tengeneza templeti kabla hujatunga chochote

Hii unaifanya mara moja tu. Fungua programu yako, FL Studio, Cubase, Reaper, yoyote ile unayoijua vizuri (usihame programu kila mwezi, ndo kinachowachelewesha wengi), tengeneza projekti tupu yenye traki ambazo lazima utazitumia: vokali kuu (sauti ya mwimbaji), dabo mbili (sauti ileile imerudiwa), adilibu (vionjo vya pembeni), bakvokali (waitikiaji), biti, rifarensi (wimbo wa kulinganishia). Zipe majina na rangi. Vokali zote zipeleke kwenye basi moja (njia ya pamoja), weka riverbu moja (mwangwi wa chumba) na dilei moja (sauti inayojirudia) kwenye sendi (njia ya pembeni unayoigawia sauti kidogo), seti rekodi iwe biti 24 (hiki ni kipimo cha ubora wa rekodi, sio biti ya muziki) na 44.1 au 48 kilohezi, halafu sevu kama templeti. Kuanzia hapo wazo likija unafungua tu na kubonyeza rekodi. Wazo la wimbo halisubiri uanze kutafuta intafesi (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu) imechomekwa wapi.

HATUA YA 2: Kutunga, na hapa laptopu iwe imefungwa

Namaanisha kabisa, funga laptopu. Kutunga unahitaji simu yenye rekoda, daftari, na gitaa au kinanda kama unapiga, kama hupigi basi biti icheze kwenye kispika kidogo pembeni kwa sauti ya chini. Imba hovyo hovyo juu ya biti bila maneno, rekodi kwenye simu dakika tano au kumi mfululizo usisimamishe, halafu sikiliza ukiwa unafanya shughuli nyingine. Kile kipande ambacho unajikuta unakiimba ukiwa unaosha vyombo, hicho ndo korasi yako.

Sasa kwenye maneno, kuna kitu watu wengi wa bongo fleva wanakiruka wakati wazee wetu wa mashairi walishakimaliza zamani, nacho ni mizani. Hesabu silabi. Huhitaji 16 za shairi, nane ukwapi nane utao (nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mstari), lakini mstari wa vesi ya kwanza na mwenzake wa vesi ya pili wanaokaa kwenye melodi ileile lazima walingane au wakaribiane sana. Mfano umeandika:

Nimerudi nyumbani kwa mama

Ni-me-ru-di-nyu-mba-ni-kwa-ma-ma, kumi. Halafu chini yake unaweka:

Mlango umefungwa na kufuli

M-la-ngo-u-me-fu-ngwa-na-ku-fu-li, kumi na moja, kumbuka ile M ya mlango ni silabi inayojitegemea. Ukiimba utasikia unakimbia mwishoni ili uwahi. Toa "na", ibaki "Mlango umefungwa kufuli", kumi kamili, maana haijaharibika na mdomo unapumua. Hii kazi inafanyika kwenye daftari kwa dakika moja, ukiiacha hadi kwenye rekodi utapiga teki nyingi (kurudia kurekodi) na bado utajiona kama huwezi kuimba, kumbe mstari wenyewe ndo umezidi.

Cha pili ni mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: nyu-MBA-ni, ku-FU-li, MA-ma. Basi hiyo silabi ndo inapaswa kukaa kwenye pigo zito la biti au kwenye noti ndefu. Ukiweka noti ndefu kwenye "ni" ya nyumbani, msikilizaji hatajua kwanini lakini atasikia kuna kitu hakijakaa, kama mtu anayesoma Kiswahili asichokizungumza. Piga makofi huku unasoma mstari kwa kawaida, bila kuimba, uone mkazo unaangukia wapi, halafu sogeza melodi ifuate maneno. Ukiamua kuvunja hii kanuni makusudi kwa ajili ya staili sawa, lakini iwe makusudi.

Usiondoke hatua hii mpaka una vesi mbili, korasi, na mpangilio umeandikwa kwenye karatasi: intro baa nne (baa moja ni mapigo manne), vesi baa 16, korasi nane, na kuendelea. Bila hiyo karatasi usiende hatua ya 3.

HATUA YA 3: Demo ya chapchap

Rekodi wimbo mzima mwanzo mwisho kwa maiki yoyote, teki moja au mbili, bila plagini hata moja (vile viprogramu vya kurekebisha sauti). Lengo ni kujua tempo (kasi) na kii (kimo cha sauti ya wimbo). Jaribu kushusha na kupandisha kii kwa semitoni moja moja (hatua ndogo kabisa ya kinanda) mpaka korasi ikae sehemu ambayo sauti yako ina nguvu lakini haipasuki, na tempo isogeze kwa bpm (mapigo kwa dakika) 2 au 3 tu uone maneno yanavyopumua. Sikiliza demo kesho yake. Kama kuna mstari unaona aibu kuusikia, rudi hatua ya 2, bado ni bure kurudi.

HATUA YA 4: Chumba na kurekodi

Vyumba vyetu vingi ni tofali, sakafu ya simenti au tailizi, na bati juu. Sauti inadunda kila upande. Treyi za mayai achana nazo, ni nyepesi mno, hazifanyi kitu cha maana na zinashika moto kirahisi. Kinachosaidia ni kitu kizito na chenye unene. Nenda soko la Memorial au la Kiboriloni siku ya mtumba, tafuta mablanketi mazito na mapazia mazito, ning'iniza nyuma na pembeni ya anayeimba, maana maiki nyingi tunazotumia zinasikia mbele, kwahiyo kinachoingia ni kile kinachodunda kutoka ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Godoro limesimamishwa nyuma yake ni zuri sana. Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona.

Umbali wa mdomo na maiki uwe kama shibiri moja. Ukisogea karibu zaidi bezi inaongezeka, hiyo ni tabia ya maiki za aina hii, na ukicheza cheza mbele nyuma kila mstari utakuwa na sauti yake. Kwa ajili ya P na B zinazopiga puu, vuta stokingi kwenye hanga ya waya uliyoikunja duara, weka kati ya mdomo na maiki, au geuza maiki kidogo pembeni ya mdomo. Kama chumba chako hakitulii na bodaboda zinapita dirishani, maiki ya dainamiki kama Shure SM58 itakusaidia kuliko kondensa ya bei ghali, maana kondensa itakuletea hadi jogoo wa jirani. Kondensa inataka zile volti 48 kutoka kwenye intafesi, dainamiki haizihitaji.

Geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia: mwambie mwimbaji aimbe ile sehemu ya juu kabisa ya korasi, sio "haloo haloo moja mbili", halafu seti ili pale juu kabisa ifike kama -10 desibeli, ikizidi sana -6 (sifuri ndo kikomo). Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kusukuma mpaka taa nyekundu, nafasi ipo ya kutosha, na ikishaklipu (kuvuka kikomo na kukwaruza) hairudishiki. Bafa (muda ambao laptopu inajipa kuchakata sauti) weka 128 wakati wa kurekodi ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa, laptopu ikianza kukwaruza weka 256. Kwenye kumiksi pandisha hadi 1024.

Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, huo mara nyingi ni umeme, wetu ni hezi 50 na mngurumo unakaa hapo na kwenye 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, tenganisha waya wa maiki na waya za umeme, zima taa za kupunguza mwanga. Mara nyingi unaisha hapo hapo.

Na masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mvua ikianza kupiga bati hakuna plagini itakayoitoa. Hapa ndo utaona faida ya kutenganisha kazi, siku ya mvua unatunga au unasafisha teki za jana kwenye hedifoni, umeme ukikatika unashika daftari. Hupotezi siku. Na Desemba vivyo hivyo, watu wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kila mtu aliyetoka Dar anataka angalau aingize sauti kabla hajarudi, na mabaa yanapiga muziki hadi usiku. Mimi ushauri wangu Desemba rekodi tu, asubuhi mapema, miksi zote zisubiri Januari, na mwambie mteja tangu mwanzo.

Kidogo kuhusu kwaya, maana huku kwetu kwaya ndo wateja wa uhakika. Watu thelathini hawaingii chumbani, beba laptopu uende kanisani. Maiki mbili zinazofanana kwenye stendi moja, vichwa vimekaribiana na vimepishana nyuzi 90, mita mbili hadi tatu mbele ya kwaya na juu ya vichwa vya mstari wa mbele. Kinanda kichukue kwa waya moja kwa moja kiwe na traki yake, mwalimu avae hedifoni ya kusikia kliki (mapigo ya kuongozea kasi). Kuwapanga ni muhimu kuliko plagini, sauti ya kwanza ikizidi, irudishe nyuma hatua mbili.

HATUA YA 5: Kusafisha

Chagua teki bora mstari kwa mstari, unganisha, weka fedi fupi (sauti iingie na kutoka taratibu) kila ulipokata. Pumzi zisitolewe zote, zishushe tu, mtu asiyepumua anatisha. Halafu kwa mkono punguza yale maneno yaliyopiga kelele na ongeza yaliyomezwa, neno kwa neno, kabla ya kompresa. Kiswahili watu wengi wanameza silabi ya mwisho, "nakupend...", na ile silabi ikizama maana inapotea, ipandishe desibeli 2 au 3. Kazi ya kuchosha lakini ndo inayotofautisha vokali ya kitaalamu na ya mtaani.

Ukimaliza, zima. Usianze miksi siku hiyo.

HATUA YA 6: Miksi

Anza kwa kushusha feda zote (vile vitelezi vya sauti vya kila traki) chini. Sauti ya kusikilizia iwe ya kuweza kuongea na mtu pembeni bila kupaza. Kuna sababu: Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu linabadilika kulingana na ukubwa wa sauti, ukisikiliza chini bezi inaonekana imepungua, ukipandisha sauti, bezi na vile vya juu vinaonekana vimenoga. Ndo maana ukifungulia sana kila miksi inaonekana tamu, halafu asubuhi unashangaa. Chagua kiwango kimoja ukae nacho.

Pandisha vokali kuu na biti tu. Balansi kwa feda peke yake, bila plagini, wimbo mzima. Kwangu mimi hii ndo miksi yenyewe, vinavyofuata ni kurekebisha. Ukiweza kuusikia kila mstari na bado kichwa kinatikisika, umeshafika mbali.

Kama biti umepewa faili moja la mp3, omba kwanza traki zake moja moja kwa wav, maprodyuza wengi watakupa ukilipia. Ikishindikana, usihangaike kuichonga biti nzima, weka ikwalaiza inayojiendesha kwenye biti ipunguze desibeli 2 hadi 3 maeneo ya kilohezi 2 mpaka 4 pale vokali inapoingia tu. Sauti inapata mlango na biti haijapoa.

Kwenye vokali, kata chini ya hezi 80 kwa mwanaume, 100 hadi 120 kwa mwanamke, huko hakuna muziki, kuna bodaboda na miguu. Ukisikia imeziba kama mtu anaongelea ndani ya ndoo, tafuta kati ya 200 na 400 upunguze kidogo. Ikichoma sikio angalia kilohezi 2 hadi 5. Zile S na SH zinazokata, na Kiswahili kimejaa, sisi, sasa, shusha, zinakaa kilohezi 5 mpaka 8, tumia diesa (plagini ya kupunguza S) lakini isizidi, ukizidisha mwimbaji anakuwa na kithembe. Kompresa: uwiano 3 kwa 1 au 4 kwa 1, ataki (muda kabla haijaanza kubana) milisekunde 10 hadi 30 ili herufi za mwanzo zipite, na ipunguze desibeli 3 mpaka 6 pale anapopaza. Ukiona inapunguza 10, rudi hatua ya 5 kasawazishe kwa mkono.

Kila ukiweka plagini, linganisha ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa kwa sauti ileile. Kitu chenye sauti kubwa kidogo siku zote kinaonekana bora, na hapo ndo watu wanadanganyika.

Riverbu iende kwenye sendi, na kwenye hiyo sendi kata kila kitu chini ya hezi 300 hivi, la sivyo matope yanajaa. Acha pengo la milisekunde 20 hadi 40 kabla riverbu haijaanza ili maneno yabaki mbele. Dilei ikokotoe: 60,000 gawanya kwa bpm. Wimbo wa bpm 100 unakupa milisekunde 600 kwa pigo moja, 300 kwa nusu yake. Halafu tumia otomesheni (programu ibadilishe yenyewe pale ulipoipangia), dilei itokee mwisho wa mstari tu kwenye neno unalotaka lirudi, sio wimbo mzima.

Bezi na kiki zinapigania sehemu moja. Amua nani awe chini kabisa. Kama kiki inakaa hezi 60, basi bezi ipe nguvu juu kidogo, au bezi iinamishwe kila kiki inapopiga. Na kumbuka kispika cha simu hakitoi bezi ya chini, kwahiyo iongezee bezi satureshini kidogo (mkwaruzo mwepesi), zile sauti za juu yake zinazozaliwa ndo zitasikika kwenye simu.

Weka wimbo wa rifarensi, wa aina hiyohiyo, umeshushwa ulingane na miksi yako, ubonyeze mara kwa mara. Na kila dakika 45 toka nje. Kabisa, toka nje, kunywa maji, uache masikio yapumzike.

HATUA YA 7: Kusikiliza nje ya studio

Toa faili, lala, kesho sikiliza kwenye simu, kwenye redio ya nyumbani, kwenye earphone za bei rahisi, na muombe dereva wa haisi unayemjua akuchomekee flashi wakati anasubiri abiria stendi. Sikiliza pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa sauti moja, vitu vilivyopotea ukibonyeza mono havitasikika vizuri sehemu nyingi. Muhimu hapa: usirekebishe ukiwa unasikiliza. Andika tu. "Vesi ya pili neno 'kufuli' limezama." "Haihati (matoazi ya biti) inachoma." Ukirudi fanya yale yaliyoandikwa peke yake, halafu funga. Raundi mbili za hivi zinatosha, ya tatu mara nyingi unaanza kuharibu.

HATUA YA 8: Masta (kuumalizia wimbo kabla ya kuutoa) na kukabidhi

Usishindane kupaza. Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo) na YouTube inashusha nyimbo zilizozidi hapo, kwahiyo ukiisukuma mpaka inasagika utashushwa tu na kusagika kutabaki. Limita (kizuizi cha mwisho cha sauti) iishie -1 desibeli ya kilele halisi. Kama ni ya klabu toa toleo la pili lenye nguvu zaidi.

Toa matoleo yote siku hiyohiyo: wimbo kamili, instrumento (muziki bila sauti), akapela (sauti bila muziki), na la shoo lenye bakvokali bila vokali kuu, msanii atalihitaji akipata jukwaa. Majina ya faili yaeleweke, jina la msanii, jina la wimbo, bpm, kii, tarehe. Mambo ya "final_final_mpya2" yaishe. Nakala tatu, moja kwenye laptopu, moja kwenye hadidiski ya nje, moja nje ya nyumba, kwa ndugu au mtandaoni. Vokali ya mono ya biti 24 kwa 44.1 inakula kama MB 8 kwa dakika, sio mzigo.

Na kabla watu hawajaondoka chumbani andikeni nani katunga maneno, nani melodi, nani biti, na kila mmoja anachukua asilimia ngapi, wote wasaini, mpige picha hiyo karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini kuthibitisha wewe ndo mtunzi bila karatasi ni shughuli pevu. Halafu msanii aende na hiyo karatasi kusajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania. Mkiwa marafiki ndo wakati mzuri wa kuandikiana, wimbo ukishaanza kupigwa redioni kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi.

Ikishatumwa, ihamishe projekti kwenda folda ya zilizokamilika na ufungue templeti ya wimbo unaofuata.